Tipa 80 kwa siku juu ya boriti za chuma na zege: nini kitachoka kwanza?

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi sanifu, nipo Moshi. Bosi wangu ana machimbo ya kokoto na anataka tujenge daraja dogo juu ya korongo ili tipa zisizunguke mbali. Urefu ni mita 12, hakuna nguzo katikati. Tumepata boriti 4 za chuma za umbo la I, kina chake kama mm 600, kilo 101 kwa mita. Juu tutamwaga slabu ya zege ya sm 20. Tipa za tairi kumi zitatoka zimejaa mara 80 kwa siku. Fundi wa kuchomelea anasema ataweka vipande vya nondo ya mm 16 juu ya boriti kila sm 60 ili zege lishike. Bosi naye anataka tuchomelee bamba la chuma chini ya kila boriti, upana mm 200, unene mm 16, urefu mita 6 pale katikati, ili liwe na nguvu. Kwa hesabu yetu uzito wa tipa unabebeka bila shida. Ninachouliza ni je, litadumu miaka mingapi, na kitakachoanza kuharibika ni nini? Na tetemeko likija?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Nimefurahi umeuliza miaka. Wengi wanaoniletea michoro ya madaraja ya namna hii huuliza tani tu, na wakishaambiwa boriti inabeba, wanaondoka. Hesabu yenu ya uzito siipingi. Boriti 4 za aina hiyo, zikishikana sawasawa na slabu, zitabeba tipa ya tani 26 leo na kesho. Ninachohofia ni tipa ya kawaida kabisa iliyokwisha kupita mara laki kadhaa. Ufa utaanzia mahali ambapo kuna kitu kimechomelewa. Kwenye mpango wenu sehemu hizo ni mbili, vipande vya nondo juu na bamba chini, na zote mbili naomba mzibadilishe kabla hamjawasha mashine.

Tuhesabu kwanza mara ngapi. Tipa 80 kwa siku, siku 300 za kazi kwa mwaka, ni mapito 24,000. Miaka 20 ni 480,000, na miaka 40 inakaribia milioni 1. Tipa zinazorudi tupu nazo zinapita, lakini utaona mbele kidogo kwamba hizo karibu tuzisahau.

Chuma kinachobeba mzigo unaokuja na kuondoka huchoka. Ukikunja waya wa kufungia nondo huku na huku, unakatika mkononi baada ya mara chache, kwa kuwa kila mkunjo unaupitisha kiwango chake cha kurudi ulivyokuwa. Boriti ya daraja haikunjwi kiasi hicho. Tipa ikishapita inanyooka kabisa, ukipima hukuti tofauti, na mtu anaamini kwamba hakuna kilichotokea. Kumbe kwenye kasoro ndogo ya weldi, isiyoonekana kwa macho, ufa unasogea kwa sehemu ndogo mno ya milimita kila gurudumu likipita. Mjerumani August Wöhler, mhandisi wa reli, alilichunguza jambo hili kwa utaratibu katika miaka ya 1850 na 1860, kwa sababu ekseli za mabehewa zilikuwa zikikatika chini ya mizigo ya kawaida. Alichoonyesha bado ndicho tunachokitumia: linalotawala ni badiliko la mkazo (nguvu inayobebwa na kila milimita ya mraba ya chuma, N/mm²) kila mzigo unapopita, pamoja na idadi ya mapito.

Hapo kuna mambo mawili ambayo mafundi wengi huyapinga wakiyasikia mara ya kwanza. La kwanza, uzito wa slabu yenyewe hauna nafasi katika hesabu hii, kwa sababu haubadiliki. Weldi ilipopoa ilikwisha kubaki na mvuto mkubwa ndani yake, kwa hiyo mzigo uliotulia hauongezi wala haupunguzi jambo kubwa. La pili, kununua chuma cha daraja la juu zaidi hakusaidii. Kanuni za Ulaya, Eurocode, zinazipa weldi za aina moja uwezo uleule wa kustahimili uchovu, iwe chuma ni cha nguvu ya 275 au 355. Ukinunua chuma kikali kisha ukakibana kibebe zaidi, umeongeza badiliko la mkazo na umefupisha maisha ya daraja.

Sasa tuje kwenye muungano wa chuma na zege. Boriti ya chuma peke yake hupinda, na slabu iliyolazwa juu yake bila kushikwa hupinda kivyake. Kwenye uso zinapokutana kila moja huteleza kidogo kwa mwenzake, zaidi karibu na ncha. Ukizuia mteleko huo, zote mbili zinakuwa boriti moja ya kina kirefu zaidi, zege likibeba mgandamizo juu na chuma kikibeba mvuto chini. Kwa vipimo vyenu, badiliko la mkazo kwenye flanji ya chini (bapa la chini la boriti), tipa ya tani 26 ikiwa katikati na mtikisiko ukiwemo, ni kama N/mm² 100. Muungano ukifa, mkazo huo utapanda kwa theluthi hivi. Kwa hiyo vipande vinavyozuia mteleko ndivyo vinavyoamua kama mna boriti moja au vitu viwili vilivyolazwa pamoja.

Pini yenye kichwa ya mm 19, ile inayotumika kwenye madaraja ya barabara kuu, ikisukumwa mara moja ndani ya zege la kawaida inaruhusiwa kubeba kN 70 na kidogo (kN 1, yaani kilonewton, ni kama uzito wa kilo 100). Ikisukumwa mara milioni 2, Eurocode inaihesabia badiliko la N/mm² 90 kwenye shina lake, ambalo ni kN 25 hivi. Yaani theluthi. Mtu akihesabu pini kwa mzigo wa mara moja tu, amekosea mara tatu kwa daraja la tipa. Majaribio yaliyoweka msingi wa hesabu za Marekani yalifanywa na Slutter na Fisher katika chuo kikuu cha Lehigh, matokeo yakatoka mwaka 1966. Nao walikuta badiliko la mkazo ndilo linaloongoza. Pini huchanika kwenye kola ya weldi pale chini, wakati mwingine ufa ukikata shina, wakati mwingine ukishuka ndani ya flanji. Pini moja ikifa, jirani zake zinachukua mzigo wake, kwa hiyo nazo zinaharakishwa. Na hakuna anayeona, kwa sababu zimefunikwa na zege.

Kuna kosa la mpangilio ambalo hata wahandisi vijana hulifanya. Wanajua kwamba kwa mzigo uliotandazwa sawasawa nguvu ya mkato katikati ya boriti ni sifuri, basi wanazijaza pini kwenye ncha na kuzipunguza katikati. Kwa mzigo unaotembea haiko hivyo. Ekseli ikikaribia katikati, mkato unaelekea upande mmoja. Ikishavuka, unageukia upande wa pili. Chuma kinayasikia yote mawili, kwa hiyo badiliko ni jumla yake. Kwa ekseli moja, ukifanya hesabu, badiliko la mkato linatoka sawa kuanzia ncha hadi ncha. Kwa tipa nzima linapungua kidogo katikati, lakini haliishi. Usiache nafasi kubwa pale katikati.

Vipande vya nondo kila sm 60 basi vinasimama wapi? Kwa hesabu ya haraka, kila kipande kingetakiwa kushika zaidi ya kN 100 kila tipa ikipita. Hakiwezi, hata mara moja. Siku za kwanza zege litang'ang'ania chuma kwa ule mshikamano wake wa asili, kila mtu ataona daraja liko imara, kisha mshikamano utaachia na vipande vitaanza kulala. Na hata mkivisogeza karibu, nondo ngumu ya kawaida hutengenezwa kwa ajili ya kukaa ndani ya zege. Nyingi zina kemia inayofanya weldi ipasuke ikipoa haraka, mbavu zake ni mahali pa ufa kuanzia, na kipande kilichonyooka hakina kichwa cha kuizuia slabu isinyanyuke. Sikubaliani nalo hata kidogo, na ningekuwa kwenye eneo lenu ningelisimamisha.

Pini halisi zinataka bunduki maalumu yenye umeme mkubwa, na machimboni ni nadra kupatikana. Njia iliyo mikononi mwenu ni chaneli, chuma chenye umbo la U. Kateni chaneli ya mm 100 vipande vya sm 15, mvisimamishe vikiwa vimeikingama boriti, flanji yake moja ikikaa juu ya boriti na nyingine ikifanya kazi ya kichwa. Chomeleeni ukingo wa mbele na wa nyuma kwa elektrodi za 7018 zilizotunzwa kavu. Kwa kanuni za Marekani za madaraja, kipande cha urefu huo kinastahimili uchovu karibu sawa na pini tatu za mm 19. Kwa mzigo wenu nakadiria kimoja kila sm 30, boriti nzima, na mhandisi aliyesajiliwa na ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) athibitishe kwa michoro yenu. Weldi ya kipande cha kwanza ikatwe ichunguzwe kabla ya kuendelea na vingine. Fundi mzuri hatachukia kuombwa hivyo.

Bamba la chini ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu limewekwa kwa nia njema.

Boriti iliyotoka kiwandani, isiyochomelewa chochote kwenye flanji ya chini, imewekwa na Eurocode kwenye kundi la 160: inastahimili badiliko la N/mm² 160 mara milioni 2. Kwa badiliko lenu la 100, hata ukigawanya uwezo huo kwa 1.35, ambayo ndiyo kinga ya juu ya kanuni hizo kwa sehemu ambayo ikivunjika madhara yake ni makubwa, unapata zaidi ya miaka 100. Sasa chomelea bamba la mita 6. Katikati mkazo utashuka, ni kweli. Lakini bamba linaishia robo ya urefu wa daraja kila upande, na pale mkazo kwenye boriti tupu bado ni kama 75. Mwisho wa bamba nene kuliko flanji, na lenu la mm 16 linaizidi flanji yenu isiyofika mm 15, uko kwenye kundi la 50 tu. Uhusiano wake ni wa mchemraba: 50 gawanya kwa 75, jibu lipandishe kipeo cha 3 (lenyewe mara lenyewe mara lenyewe), kisha zidisha kwa milioni 2. Inatoka 590,000 hivi, sawa na miaka 25. Weka kinga ya 1.35, inabaki miaka 10.

Kwa hiyo mtakuwa mmenunua chuma, mmelipa fundi, na mmelishusha daraja kutoka zaidi ya miaka 100 hadi 10. Ufa utaanza kwenye weldi ya mwisho wa bamba, upenye flanji, kisha upande kwenye ukuta wa boriti. Akisisitiza bosi kuongeza nguvu, bamba lifike karibu kabisa na ncha za daraja, ambako mkazo ni mdogo. La sivyo, aongeze boriti ya tano. Na viungo vya kuunganisha boriti kwa boriti vifungeni kwa bolti kwenye ukuta wa boriti, sio kuvichomelea kwenye flanji ya chini. Hata kijipande cha kuning'inizia bomba la maji msikiweke hapo.

Mchemraba huohuo ndio unaonifanya nizisahau tipa tupu. Tipa ya tani 11 ina asilimia 42 ya uzito wa ile iliyojaa, na 0.42 × 0.42 × 0.42 ni chini ya 0.08. Lakini geuza upande wa pili. Tani 26 ndicho kiwango cha sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa tipa ya tairi kumi, 8 mbele na 18 kwenye jozi ya nyuma. Barabara kuu zina mizani, machimboni hakuna. Dereva akipakia tani 34, uzito umezidi kwa asilimia 30 hivi, na maisha ya weldi za chini yanapungua zaidi ya nusu. Kwa pini mlango ni mwembamba zaidi, maana kipeo chake katika Eurocode ni 8 badala ya 3: asilimia 30 inabakiza sehemu moja tu kati ya nane ya maisha yake. Chaneli ina mwenendo wake, lakini sitarajii huruma huko pia. Mwambie bosi kwamba anayesimamia kijiko cha kupakia ndiye msimamizi wa daraja.

Upande wa zege nitasema machache. Zege nalo huchoka; kwa mapito milioni kadhaa hubaki na nusu hivi ya uwezo wake au zaidi kidogo, lakini kwenye slabu ya sm 20 juu ya boriti 4 hilo halinitishi sana. Kinachonitisha ni maji. Wajapani walijaribu slabu kwa mashine ya gurudumu linalokimbia juu yake kwenda na kurudi, wakakuta slabu yenye maji juu inaharibika mapema mno kuliko kavu, maana gurudumu linayasukuma maji ndani ya nyufa na yanasaga zege. Masika ya miteremko ya Kilimanjaro unayajua. Pangeni mwinuko wa katikati ili maji yakimbie pembeni, na mabomba ya kutolea maji yapite chini ya kina cha boriti yasizilowanishe. Wekeni nondo za kukingama sehemu ya chini ya slabu, chini ya kichwa cha chaneli, la sivyo slabu itapasuka kwa urefu juu ya kila boriti. Vaibreta ifike mbele na nyuma ya kila chaneli, kwa sababu zege lenye matundu pale litasagika na mteleko utaanza mapema. Na tipa zisipande kabla ya siku 28 na kabla majibu ya vipimo vya zege hayajarudi, hata kama oda za kokoto zimejaa.

Baada ya hapo ni ukaguzi. Siku ya kuzindua, chukueni tipa iliyopimwa uzito, isimame katikati, mpime daraja limeshuka milimita ngapi, muandike. Rudieni kila mwaka kwa uzito uleule. Majaribio ya boriti za namna hii yanaonyesha mwenendo wa hatua tatu: mwanzoni linashuka zaidi kidogo kidogo kadiri mshikamano wa asili unavyoachia, kisha linatulia kwa muda mrefu, kisha linaanza tena kuongezeka. Kuongezeka kule kwa mara ya pili ndiko kunakotaka mhandisi haraka. Kwenye ncha za daraja choreni mstari mmoja mwembamba unaovuka kutoka slabu hadi flanji. Mistari ikiachana, slabu inateleza. Unga wa kutu ya kahawia ukitoka kwenye mstari ambapo zege linakaa juu ya chuma, hapo pana msuguano. Daraja la Seongsu mjini Seoul lilifunguliwa 1979 na likaanguka asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1994, watu 32 wakafa. Lilikuwa la muundo mwingine, lakini weldi zilikuwa mbovu, magari yalikuwa mazito, na ukaguzi haukutosha.

Tetemeko ni habari tofauti. Lile la Julai 2007 karibu na Ziwa Natron, la kipimo cha 5.9, lilitikisa Arusha nzima, na Bonde la Ufa haliendi popote. Ila tetemeko hurudia mzigo mara chache kwa nguvu kubwa, na kwa daraja la mita 12 lisilo na nguzo hofu yangu ni boriti kuchomoka kwenye vikalio vyake, pale ncha zake zinapokalia. Panueni vikalio, muweke vizuizi vya zege pembeni, na mzifunge boriti zisiruke. Muungano wa chaneli ukihesabiwa kwa tipa, kwa tetemeko hauna tatizo.

Bosi atauliza gharama, kwa hiyo nenda na hesabu hii mkononi. Mabamba manne anayoyataka ni kilo 600 za chuma. Chaneli za boriti zote nne, kipande kila sm 30, ni kama kilo 260.